Tuta Lililoinuliwa Linapogoma: Dalili, Visababishi na Tiba

Tuta la mboga lililoinuliwa, yaani fremu ya mbao, bati au matofali iliyojazwa udongo na mboji, likigoma, mkono hukimbilia mfuko wa mbolea. Mara nyingi mbolea haihusiki. Kasoro iko chini, kwenye mchanganyiko uliojazwa siku ya kwanza au kwenye ardhi iliyokaliwa na fremu. Majani yatakuambia kuna shida, hayatakuambia ni ipi: umanjano huohuo unaletwa na maji mengi, maji machache, njaa ya naitrojeni, chumvi au minyoo ya mizizi. Kwa hiyo uchunguzi unaanza na beleshi.

Hesabu zote hapa zimepigwa kwa tuta la urefu wa mita 2.4, upana mita 1.2 na kina sentimita 30. Hilo linameza lita 864, yaani ndoo 43 za lita 20, na likishalowana uzito wake unapita tani moja. Kwa tuta la ukubwa mwingine, zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa mita, kisha mara 1,000, upate lita.

Chimba shimo kabla ya kutia chochote

Siku moja baada ya kumwagilia, chagua sehemu isiyo na mmea mkubwa. Chimba shimo la upana wa beleshi kutoka juu hadi kwenye ardhi ya asili, kisha ingia humo sentimita 15 zaidi. Acha ukuta mmoja wa shimo umesimama wima ili uone tabaka zake.

Tazama unyevu umefika wapi. Nusa udongo wa chini: harufu ya msitu baada ya mvua ni njema, harufu ya mayai viza ni ya udongo uliokosa hewa. Tafuta mizizi: imeshuka mpaka ardhini, au imefika mahali ikageuka kando kama iliyogonga sakafu? Mwisho angalia kilichozikwa: maranda ya mbao, magogo, kokoto, nailoni. Tuta lililojazwa na mtu mwingine huwa na mambo ya kushangaza humo chini.

Dalili nyingi zilizo hapa chini zinajibiwa na shimo hilo moja.

Udongo umeshuka

Kushuka kiasi ni kawaida. Mboji inaendelea kuoza, na hewa iliyoingia wakati wa kujaza inatoka. Katika kina cha sentimita 30, kushuka sentimita 3 hadi 6 msimu wa kwanza si tatizo. Sentimita 6 ni kama ndoo 9, kwa hiyo weka akiba ya mchanganyiko tangu mwanzo.

Ukipoteza theluthi au zaidi, kuna sababu. Kubwa kuliko zote ni kujaza mboji au samadi tupu bila udongo wa madini. Mboji huoza ikaisha, udongo hauozi. Mchanganyiko unaodumu ni udongo sehemu mbili kwa mboji sehemu moja, au udongo asilimia 70 na mboji 30. Kufukia magogo na matawi chini ili kupunguza gharama ya udongo kunaruhusiwa kwenye tuta refu la sentimita 60, lakini yakioza yanaacha mapango na uso unazama kwa mabonde. Kwenye tuta la sentimita 30 magogo yanakula nafasi ya mizizi, basi yaache.

Ukiona udongo umelala nje chini ya ubao, umesombwa na maji kupitia mwanya. Ziba mwanya kwa ndani kwa ukanda wa kadibodi nene au kitambaa kinachopitisha maji. Vichuguu vya panya au fuko vinajulikana kwa mashimo ya duara yenye kuta laini. Dawa yake ni wavu wa matundu ya sentimita 1.3 uliotandikwa chini ya fremu nzima na kupandishwa ukutani. Hilo halifanyiki bila kutoa udongo, na ndiyo maana penye fuko wavu hutangulia.

Kujazia: kama pengo ni la sentimita 2 au 3, tandaza mboji juu. Likizidi hapo, tia mchanganyiko wenye udongo. Anayejazia mboji tupu kila msimu analundika fosforasi na chumvi, na mchanganyiko wake mzuri wa mwanzo unageuka polepole kuwa mboji tupu.

Ubao umeota kitambi

Udongo uliolowa husukuma kuta, na nguvu hiyo inakua haraka kuliko kina: ukiongeza kimo cha ukuta mara mbili, msukumo wote unakuwa mara nne. Ndiyo maana ubao uliosimama vizuri kwenye sentimita 20 unatuna kwenye 40.

Ubao wa unene wa sentimita 2.5 unahitaji kigingi kila sentimita 90 au chini ya hapo. Wa sentimita 4 hadi 5 unavumilia mita 1.2. Kuta zinazozidi mita 2 zifungwe katikati kwa waya mnene wa mabati, au chuma bapa, unaovuka kutoka upande hadi upande, ukiwa umefukiwa nusu ya kina ili usigongane na jembe. Nje ya ubao waya upite kwenye kipande cha bati, la sivyo utauchana ubao kama uzi unavyokata sabuni.

Kurekebisha tuta lililokwisha jaa: usijaribu kuusukuma ubao ukiwa na mzigo. Chimba mfereji wa upana wa sentimita 20 kwa ndani, ukifuata ukuta, mpaka chini. Vuta kuta mbili zikaribiane kwa kamba, pigilia vigingi nje vizame ardhini sentimita 40, funga waya, ndipo urudishe udongo.

Kona zikiachana, chunguza skrubu zimeingia wapi. Iliyozamishwa kwenye ncha ya ubao, sambamba na nyuzi zake, haina mshiko. Simamisha kipande cha mbao cha sentimita 5 kwa 5 ndani ya kona, kila ubao ushikwe nacho kwa skrubu tatu za mabati zinazopenya ubao na kuzama ndani yake angalau sentimita 3. Misumari hutoka yenyewe kadiri mbao zinavyolowa na kukauka.

Ukibadilisha mbao, epuka mataruma ya reli yaliyopakwa kreosoti, dawa ya lami ya kuhifadhi mbao, na mbao kuukuu zenye rangi ya kijanikijani, kwani huenda zilitiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki. Mbao za paleti zina muhuri: HT maana yake zilipashwa joto tu, MB maana yake zilifukizwa methili bromidi, gesi ya sumu. Zenye MB na zisizo na muhuri ziache.

Maji yanatuama, tuta halikauki

Mimea inanyauka huku udongo umelowa. Majani ya chini yana umanjano, mizizi ni ya kahawia na ngozi yake inachunika kwa vidole. Miche inaanguka usawa wa udongo kama iliyokatwa, yaani kinyausi.

Kwanza pima ardhi yenyewe. Kando ya tuta chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywewe, lijaze tena, upime baada ya saa moja. Maji yakiwa yameshuka pungufu ya sentimita 2.5, ardhi haipitishi na tuta lako limekaa juu ya sinia. Udongo laini uliomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa unatenda hivyohivyo: maji yanashuka upesi, yanafika kwenye mpaka, yanalala hapo.

Kutibu hakuhitaji kumwaga tuta lote. Mavuno yakiisha, hamishia udongo wa nusu moja juu ya nusu ya pili. Ardhi iliyobaki wazi ichome kwa uma wa bustani kina cha sentimita 20, ukiitikisa bila kuigeuza, kisha changanya humo ndoo mbili za udongo wa tuta ili mpaka usiwe mkali. Rudisha, halafu fanya upande wa pili. Kazi hii ifanywe ardhi ikiwa na unyevu wa kadiri, kwani mfinyanzi uliolowa chepechepe ukikanyagwa unakuwa tofali.

Ukikuta kokoto chini, hizo ndizo mkosaji. Ushauri wa kutandika kokoto "ili maji yatoke" haufi, ingawa kinachotokea ni kinyume. Maji hayaondoki kwenye udongo wa chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ule ushibe kabisa. Kwa hiyo eneo la maji linapandishwa juu, karibu zaidi na mizizi. Ziondoe, ujaze udongo mahali pake. Nailoni nayo mahali pake ni ukutani tu kulinda mbao, kamwe isitandikwe chini. Kwa tuta lililo juu ya sakafu ya saruji, toboa matundu ya milimita 12 kila sentimita 30 kwenye ubao wa chini, upande ulioinama.

Kama ardhi inapitisha na hakuna kilichozikwa, basi mchanganyiko wenyewe ni mzito. Tia udongo theluthi moja ya chupa angavu, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa, weka. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, tope laini ndani ya saa chache, mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Tabaka la juu kabisa likizidi theluthi ya udongo wote, una mfinyanzi mwingi. Dawa ni mboji. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hauleti tifutifu, unaleta kitu kinachokaribiana na saruji.

Unamwagilia kila siku, mimea bado ina kiu

Juu kumelowa sentimita mbili, chini ni vumbi. Mboji iliyokauka kabisa hukataa maji: yanateleza juu yake, yanafuata ufa kati ya udongo na ubao, yanatokea chini. Mwenye tuta anaona maji yakitoka na kuamini limeshiba.

Lirudishie unyevu polepole. Mwaga lita 10 kwa kila mita ya mraba, subiri nusu saa, rudia mara tatu au nne, kisha chimba kidogo uhakikishe. Shindilia udongo wa pembeni kwa mkono uzibe ufa. Funika uso kwa matandazo ya sentimita 5, nyasi kavu au majani makavu, ukiyaepusha na shina. Baada ya hapo, lita 25 kwa mita ya mraba kwa wiki ni mwanzo mzuri. Tuta letu linahitaji lita 72, zigawe mara mbili au tatu. Joto likiwa kali, kiasi hicho kinaweza kufika maradufu. Usiende kwa ratiba peke yake: ingiza kidole mpaka kifundo cha pili, kukiwa kukavu mwagilia.

Nyanya zinazooza kitako ziko kwenye mlango huuhuu. Tunda linakosa kalsiamu, lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni. Haifiki kwa sababu husafiri na maji, na maji yanakuja kwa mikupuo. Sawazisha umwagiliaji kabla ya kununua chokaa.

Mimea imedumaa na ina umanjano

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa hiyo tazama ni majani yapi yameanza.

Yakianza ya chini, yaliyokomaa, na umanjano ukiwa sare, mmea una njaa ya naitrojeni. Kipimo cha bure ni kupanda maharage jirani na mchicha: maharage yakistawi mchicha ukififia, jibu umelipata, kwani mizizi ya maharage inajitengenezea naitrojeni. Ndani ya tuta jipya mwizi wake ni unga wa mbao, maranda, majani makavu mengi au mboji isiyoiva. Vijidudu vinavyoozesha vitu vyenye kaboni nyingi vinachukua naitrojeni ya udongo kwanza. Wizi unaanza pale kaboni inapozidi naitrojeni kwa takriban mara 30, na unga wa mbao unapita mara mia kadhaa. Ukiwa juu kama matandazo madhara ni madogo. Ukichanganywa ndani, mimea inalala njaa.

Yeyusha gramu 10 za urea ndani ya lita 10 za maji, umwagie kila mita ya mraba, urudie baada ya wiki mbili. Au tandaza sentimita 2 za mboji iliyoiva, ukijua itachukua muda kuonyesha matokeo. Mboji iliyoiva haina joto, haina harufu ya amonia, na huwezi tena kutambua ilitokana na nini. Uyoga ukichomoza wakati huu usishtuke: ni mbao zinaoza. Mboga haidhuriki, ila uyoga huo usiuchume kwa kula.

Yakianza majani machanga, mishipa ikibaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, na kawaida si kwamba hayamo bali pH, kipimo cha asidi na alkali ya udongo, imepanda. Hutokea kwenye kuta za matofali mapya ya saruji, yanayovuja chokaa, na kwenye matuta yaliyomwagiwa majivu kwa ukarimu. Mboga nyingi zinataka pH ya 6.0 hadi 7.0. Pima kwanza, acha majivu, tumia mboji; na mimea ya pembeni ipandwe sentimita 20 kutoka ukutani.

Kama umanjano hauna mpangilio na mmea unanyauka mchana hata penye maji, ng'oa mmoja kwa uangalifu uoshe mizizi. Mafundo yaliyo sehemu ya mzizi wenyewe, yasiyobanduka, ni ya minyoo fundo. Usiyachanganye na vinundu vya maharage, ambavyo vinabanduka kwa ukucha na ndani ni vya waridi. Minyoo huja na udongo au miche. Ng'oa mizizi yote, uitoe bustanini, kisha katika kipindi cha jua kali lowesha tuta na ulifunike kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo zote, wiki 4 hadi 6.

Majani yamejikunja kama kikombe

Machipukizi ya nyanya yanajisokota kama majani ya kangaga, majani ya maharage yanajikunja kuelekea juu, lakini mahindi yaliyo jirani yana afya. Kabla ya kulaumu virusi, uliza samadi ilitoka wapi. Viuagugu vya jamii ya aminopiralidi, klopiralidi na pikloramu hupuliziwa malisho, mnyama anakula nyasi, sumu inapita tumboni bila kuvunjika na inaweza kuishi hata ndani ya mboji. Nafaka na nyasi haziguswi. Jamii ya maharage, nyanya na viazi ndizo zinazoumia.

Jaza vyungu vitatu mchanganyiko unaoutilia shaka na vitatu udongo safi, panda maharage matatu kila kimoja, ngoja wiki tatu hadi nne. Vile vya kwanza vikijikunja na vya pili vikinyooka, umethibitisha. Hakuna cha kumwagia kinachoiondoa haraka. Panda mahindi, ugeuze udongo mara kwa mara ili vijidudu viivunje, na urudie kipimo cha maharage kabla ya kurudisha nyanya. Mabaki ya mimea hiyo yasiingie kwenye mboji.

Kingo za majani zimeungua

Rangi ya kahawia kwenye kingo na ncha, na utando mweupe juu ya udongo ukikauka: hiyo ni chumvi, mara nyingi ya samadi ya kuku iliyowekwa mbichi. Maji ya sentimita 15 yakipita kwenye udongo wa sentimita 30 yanaondoa takriban nusu ya chumvi. Kwa tuta letu ni lita 432, ndoo 22, zimwagwe kwa mafungu ndani ya siku moja au mbili. Lakini hakikisha kwanza kwamba tuta linapitisha maji, au utaongeza tatizo juu ya tatizo. Naitrojeni nayo itasombwa, basi irudishe kidogokidogo baadaye.

Upande mmoja hauoti kitu

Ukichimba upande huo ukakuta zulia la vijizizi vyembamba, kuna mti jirani uliogundua maji ya bure. Kata mizizi kwa beleshi kuzunguka fremu kila msimu, au hamisha tuta. Penye kuta za bati, upande unaopigwa na jua la alasiri hukauka na kupata joto kuliko katikati. Uwekee mimea mirefu ya kivuli au ubao wa ndani.

Ndago zimetoboa

Kadibodi iliyotandikwa chini, iliyolowana na kupishana sentimita 15, inaua nyasi nyingi za kawaida. Ndago haiziui. Vichwa vyake vya ardhini vina akiba ya kutosha kupenya. Chimbua mnyororo mzima wa vichwa mche ungali mdogo, kabla haujazaa vingine, usikate juu tu.

Pale ambapo lazima kumwaga lote

Kwa mayai viza chini kote, nailoni sakafuni, au maranda yaliyozidi robo ya mchanganyiko, viraka havisaidii. Toa udongo juu ya turubai, chekecha vipande vya mbao, vunja ardhi kwa uma. Changanya nje ya fremu ndoo 30 za udongo na 13 za mboji iliyoiva, ukihesabu udongo wa zamani uliochekechwa kama udongo. Jaza kwa tabaka za sentimita 10, ukilowesha kila moja bila kukanyaga. Subiri wiki mbili, jazia palipozama, ndipo upande.